Mratibu wa maafa: masika anatafutwa, kiangazi hajulikani

Sheria imempa wajibu, lakini magari, fedha na viwanja viko mikononi mwa wengine. Ni mtumishi wa halmashauri anayetakiwa kuyaona maafa kabla hayajafika.

Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangaza kwamba vuli ya mwaka huo ingekuja na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Tangazo lilisomwa redioni, likachapishwa magazetini, na maelekezo yakatoka Dodoma kwenda mikoani na wilayani: jiandaeni. Maelekezo ya namna hiyo, kabla hayajamfikia mwananchi, hupita kwenye meza ya mtumishi ambaye wakazi wengi wa wilaya hawamjui kwa sura, kwa jina wala kwa cheo. Huyo ndiye mratibu wa maafa.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba mwaka huohuo, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka. Serikali ilieleza baadaye kwamba miamba laini ya mlima huo ilinyonya maji mpaka ikashindwa kuhimili. Tope likashuka na magogo na mawe, likafuata mkondo wa Mto Jorodom, likaingia sokoni na majumbani katika mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani kikiwamo Gendabi. Kwa hesabu ya Serikali, watu 89 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa COP28 wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari, na tarehe 7 Desemba alikuwa Katesh akiwafariji wafiwa.

Utabiri haukukosea, maana mvua ilizidi kama ilivyosemwa. Lakini utabiri wa msimu hautaji mteremko utakaomeguka, saa ya kumeguka, wala kitongoji kilichoko njiani. Kati ya kauli kwamba mvua zitazidi wastani na kauli kwamba kaya za ng'ambo ile ya mto zihame leo kabla ya jua kuzama, kuna safari ndefu. Kuifupisha safari hiyo ndiyo kazi ya mratibu wa maafa, na karibu kila hatua yake hupigwa wakati hakuna wingu angani na hakuna kamera ya televisheni karibu.

Wajibu wake, mamlaka ya wengine

Kwa muda mrefu maafa Tanzania Bara yalitazamwa kama suala la kugawa misaada. Sheria ya mwaka 1990 ilijikita katika kuiratibu misaada hiyo. Sheria ya mwaka 2015, na ile ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi yake, ziliipanua kazi: kuzuia na kupunguza madhara, kujiandaa, kukabiliana na tukio, kisha kurejesha hali. Zipo kamati za usimamizi wa maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Juu ya kamati hizo ipo Ofisi ya Waziri Mkuu na Idara yake ya Menejimenti ya Maafa.

Ukiuchora muundo huo ubaoni, unavutia. Ukishuka nao wilayani, mambo yanachanganyika. Kamati ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya, ambaye ni mteule wa Rais. Fedha, magari na watumishi viko kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, ambaye bajeti yake hupitia kwenye baraza la madiwani. Mratibu yuko katikati ya wakubwa hao wawili. Tena katika halmashauri nyingi uratibu wenyewe ni jukumu la nyongeza: mtu ni afisa mipango, afisa ustawi wa jamii, afisa kilimo au afisa mazingira, akaandikiwa barua ya kuongezewa maafa juu ya kazi yake. Akipandishwa cheo au kuhamishwa, ujuzi wote aliokusanya huondoka naye, na anayempokea huanza upya na faili lenye taarifa za mafuriko ya miaka iliyopita.

Kisha wako wale ambao halmashauri haina amri juu yao. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya serikali za mitaa. Sheria ya mwaka 2007 iliviweka chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo liko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Barabara za vijijini na mijini tangu 2017 ziko TARURA, na barabara kuu ziko TANROADS. Maji vijijini tangu 2019 yako RUWASA. Mto una bodi ya bonde lake. Mlima Hanang wenyewe, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Maana yake ni kwamba jiwe linaloning'inia juu ya mji liko kwenye ardhi ya taasisi moja, daraja litakalozibwa na magogo ni la taasisi nyingine, na wakazi watakaozikwa na tope ni wa halmashauri.

Kila mgawanyo una sababu zake za kitaalamu, na si lengo la makala hii kuzipinga. Lakini matokeo kwa mratibu ni kwamba hana wa kumwamuru. Kazi yake ni kuomba, na mtu anayeanza kuomba usiku wa mafuriko amechelewa. Ndiyo maana waratibu wazoefu hufanya maombi yao kiangazi. Wanajua kijiko cha mkandarasi kilichopo karibu kimeegeshwa wapi, nani anaweza kukiendesha usiku, na dizeli yake italipwa na nani. Wanajua mvuvi mwenye mtumbwi mkubwa wenye injini, mwenye ghala la mahindi, padri na sheikh wenye kumbi, mganga mfawidhi wa kituo cha afya, mkuu wa shule iliyojengwa mwinukoni. Orodha hiyo ya simu haigharimu fedha nyingi. Inagharimu kuitembelea wilaya nzima, tena mara kwa mara, maana namba hubadilika na watu huhama.

Saa ya kwanza ni ya majirani

Asubuhi ya 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ya Precision Air iliyokuwa ikitua Bukoba ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja. Ilikuwa na watu 43. Waliofariki ni 19, na 24 wakatoka hai. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi waliokuwa kazini, wakiwa na mitumbwi na kasia. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima na baadaye akapewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Miaka minne kabla, 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kikiwa kimebeba watu zaidi ya uwezo wake wa abiria 101, wavuvi na wanakijiji ndio walioanza kuvuta watu majini. Waliokufa walizidi 220.

Matukio hayo yanafundisha jambo ambalo kila mtu wa uokoaji duniani analijua: wanaookoa wengi zaidi ni waliokuwa karibu. Kikosi chenye mavazi maalumu hufika baadaye, hasa katika wilaya ambayo kituo cha zimamoto kiko mjini na kijiji cha mwisho kiko mwendo wa saa nne kwa gari. Mratibu anayekubali ukweli huo hupanga kazi yake kwa namna tofauti. Hutumia fedha kidogo alizonazo kuwafundisha wavuvi, bodaboda, mgambo na walimu huduma ya kwanza na namna ya kumtoa mtu majini, kabla hajafikiria kununua boti moja ya kisasa itakayolala gereji kwa kukosa vipuri. Vijana wa kujitolea wa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania wamekuwa nguzo ya mafunzo ya aina hiyo katika mikoa mingi.

Saa chache zikipita, mzigo hubadilika. Sasa wamefika wote kwa pamoja: polisi, jeshi, mawaziri, waandishi, mashirika, ndugu wa waliopotea. Hapo mratibu hana tena tatizo la uchache wa watu. Ana tatizo la wingi wao. Nani anasema idadi ya waliofariki? Ikiwa kila kiongozi anayefika anatoa hesabu yake, jioni kutakuwa na hesabu tano, na sauti zinazozunguka kwenye WhatsApp zitaongeza ya sita. Miili inatambuliwa wapi, na nani anakaa na familia wakati wa kutambua? Magari ya wageni yanaegeshwa wapi ili lori la maji lipite? Ni mambo madogo, lakini yakiachwa yanazuia makubwa.

Baada ya siku kadhaa kunakuja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni orodha ya waathirika. Mwenyekiti wa kitongoji analeta majina, mtendaji wa kijiji anayahakiki, kata inayajumlisha, na katika kila ngazi yana tabia ya kuongezeka. Mpangaji aliyepoteza kila alichokuwa nacho anaweza kukosekana, maana nyumba si yake, huku mwenye nyumba anayeishi mji mwingine akaandikwa. Mjane anayekaa kwa shemeji haonekani kama kaya. Mratibu mwangalifu huanza orodha yake kwenye daftari la wakazi la kijiji, lililoandikwa kabla ya tukio. Kijiji kisicho na daftari hilo hulazimika kutegemea kumbukumbu za watu walio na njaa na msiba, na ugomvi hauepukiki.

Fedha za misaada nazo zina hatari yake. Baada ya tetemeko la ardhi la Kagera la 10 Septemba 2016, lililoua watu 17, viongozi wawili wa utumishi mkoani humo waliondolewa kwenye nafasi zao kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile rasmi ya michango. Somo lililobaki kwa kila halmashauri ni kwamba akaunti, namba ya simu ya kuchangia na utaratibu wa stoo hupangwa mapema na kutangazwa mapema. Turubai, magodoro na unga vikishaanza kushushwa kwenye malori, hakuna tena muda wa kubuni fomu ya kupokelea.

Rufiji: mto unaopanda kwa uamuzi

Tope la Hanang liliwashtua watu. Mafuriko ya Rufiji hayamshtui mkazi wa Rufiji, maana ameishi nayo vizazi na vizazi. Wakulima wa bonde hilo wana kilimo cha mlau, cha kuotesha kwenye ardhi iliyoachwa na maji yanapopungua. Walijenga madungu, nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo, ili walinde mazao bondeni bila kuzama. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamishia wakazi kwenye vijiji vipya vya miinuko. Nyumba zilihama lakini kilimo kikabaki, kwa sababu rutuba iko bondeni. Kila anayetaka kumhamisha mtu wa Rufiji leo anazungumza na familia yenye kumbukumbu ya kuhamishwa.

Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto huo, lilianza kujazwa maji. Masika ya 2024, wakati mvua zilipozidi na maji yakafunguliwa kutoka bwawani, maeneo ya wilaya za Rufiji na Kibiti yalifurika. Mashamba yakazama na watu wakahama. Wakazi wengi walilinyooshea bwawa kidole. Serikali ilijibu kwamba mafuriko ya Rufiji yalikuwapo kabla ya bwawa, na kwamba bwawa lilizuia maji ambayo yangeleta madhara makubwa zaidi.

Ubishi huo utaendelea, na wataalamu wa maji wana nafasi yao ndani yake. Kwa mratibu wa maafa kuna jambo jingine la haraka zaidi. Mto wa zamani ulipanda kwa dalili ambazo mzee wa mlau alizisoma mwenyewe: rangi ya maji, mwendo wa samaki, mvua za nyanda za juu. Mto wa sasa hupanda pia kwa uamuzi wa mhandisi aliyeko kwenye milango ya bwawa. Dalili za zamani hazitoshi tena. Anayeishi chini ya bwawa anahitaji kuambiwa kwamba maji yakifunguliwa leo kwa kiasi hiki, yatafika Mloka lini, Utete lini, Muhoro lini, na yatafika kwenye mti upi au ukuta upi. Takwimu ya mita za ujazo kwa sekunde haina maana kwa mama mwenye shamba la mpunga. Ina maana inapogeuzwa kuwa jina la shamba lake na siku alizobakiwa nazo kuvuna. Kuigeuza hivyo ni kazi ya halmashauri, na inahitaji simu ya moja kwa moja kati ya chumba cha mitambo na meza ya mratibu, simu inayopokelewa hata Jumapili.

Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236 nchini. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kilisogelea pwani karibu na Kisiwa cha Mafia. Safari hii taarifa zilikuwa za aina tofauti. TMA ilitoa tahadhari mfululizo, ikitaja mikoa, muda na umbali wa kimbunga kutoka pwani. Boti za kwenda Zanzibar zilisitisha safari na wavuvi walitakiwa kubaki nchi kavu. Kimbunga kilipungua nguvu kilipofika, lakini mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikabaki siku kadhaa bila njia hiyo. Kuokoa maisha kulifanikiwa zaidi pale ambapo taarifa ilikuwa na mahali, saa na mtu mwenye mamlaka ya kusema boti isiondoke. Vitu hivyo vitatu ndivyo mratibu wa wilaya anavyovitafuta kila msimu kwa ajili ya mto wake na mlima wake.

Kiwanja kabla ya king'ora

Usiku wa manane wa mafuriko mratibu anapambana na uamuzi uliofanywa miaka kumi au ishirini kabla yake, siku kiwanja kilipopimwa au kilipoachwa kivamiwe. Mfano ulio wazi kuliko yote uko Dar es Salaam. Desemba 2011 Bonde la Msimbazi lilifurika na makumi ya watu wakafariki jijini. Serikali ya Rais Jakaya Kikwete iliwagawia waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande, nje kidogo ya mji. Baadhi walikaa. Wengine waliviuza au kuvipangisha na kurudi, maana kibarua, soko na shule vilikuwa Kariakoo na Magomeni, na nauli ya kila siku ilikula chote walichopata.

Wakati huohuo dola yenyewe ilijenga Jangwani. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa ndani ya bonde hilohilo, na kwa miaka kadhaa mvua kubwa zimesimamisha mabasi na kufunga njia kati ya Magomeni na Fire. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mratibu wa maafa akienda na sheria hiyo mkononi, mkazi wa bondeni humwonyesha mita ya umeme aliyofungiwa na shirika la umma, na risiti ya LUKU ambayo tangu 2021 hukatwa kodi ya jengo. Hoja yake ina uzito: kama nyumba ni haramu, kodi yake inapokelewaje?

Jibu la kweli liko kwenye mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao umelipa fidia kwa wakazi ili bonde ligeuzwe kuwa njia ya maji na eneo la wazi. Umekuja baada ya misiba mingi, na gharama yake ni kubwa mara nyingi zaidi ya ile ya kuzuia ujenzi tangu mwanzo. Miji midogo inayokua kwa kasi sasa, kama Katesh, Utete au Ifakara, bado ina nafasi ya kuepuka bili hiyo. Lakini itahitaji mratibu wa maafa awe na kiti, na sauti, katika kikao cha mipango miji kinachopitisha ramani. Katika sehemu nyingi huitwa baada ya ramani kupita, kuandaa mpango wa kuwaokoa watakaojenga.

Hanang ilipata jibu lake la ardhi haraka kuliko Msimbazi. Nyumba zaidi ya 100 zilijengwa eneo la Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi, na Desemba 2024 zikakabidhiwa. Kazi ya mratibu haiishi na funguo hizo. Kuna shamba lililobaki upande wa pili wa mlima, kuna biashara ya sokoni iliyokufa, kuna watoto waliobadilisha shule. Na kuna eneo lililoachwa wazi mtoni, ambalo mtu ataanza kulijenga tena mvua zikisahaulika.

Wakenya walivyoamua

Kenya ilichagua njia nyingine. Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, inaitaja zimamoto na usimamizi wa majanga kuwa miongoni mwa kazi za kaunti 47. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuunda hazina ya dharura. Mkurugenzi wa majanga wa kaunti, kwa hiyo, mara nyingi ana idara, magari ya zimamoto na fungu la bajeti ambavyo mwenzake wa wilaya ya Tanzania huvisikia tu.

Hata hivyo kaunti nayo ina mipaka. Mei 2018 bwawa la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40. Aprili 2024, katika kaunti hiyohiyo, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalifumuka usiku baada ya kalvati kuziba, yakaua makumi ya watu. Usalama wa mabwawa na reli ulikuwa mikononi mwa taasisi za kitaifa. Maiti zilipatikana kwenye mashamba ya kaunti. Kwa maneno mengine, ugatuzi ulimpa mkurugenzi wa Nakuru fedha na magari, lakini haukumpa haki ya kukagua tuta lisilo lake. Ukiweka mifumo hii miwili pamoja, unaona pengo lilelile: aliye karibu na hatari hana mamlaka juu ya chanzo chake.

Maswali ya kumpelekea diwani

Huku Tanzania, mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai, na mabaraza ya madiwani hupitisha rasimu za bajeti mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Bunge la Aprili. Katika mikoa yenye vuli na masika, vikao hivyo huangukia katikati ya misimu miwili ya mvua, wakati matope ya vuli hayajakauka vizuri. Ni nafasi nzuri. Lakini vikaoni maafa hushindana na madarasa, zahanati na mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo kila diwani anaulizwa na wapigakura wake. Hakuna kikundi cha wananchi kinachokuja ofisini kudai mfereji usafishwe Septemba. Kauli kwamba kinga ni bora kuliko tiba husemwa kwenye ufunguzi wa kikao, kisha fungu la kinga hupunguzwa kabla ya chakula cha mchana.

Mratibu wa maafa hawezi kubadilisha hali hiyo peke yake, kwa sababu mafanikio yake hayaonekani. Kijiji kilichohama kabla ya tope hakitangazwi kwenye taarifa ya habari, na mfereji uliozibuliwa hauzinduliwi kwa utepe. Anayeweza kumpa nguvu ni mwananchi anayeuliza, na maswali si mengi. Mratibu wa maafa wa halmashauri yetu ni nani, na ana kazi nyingine ngapi? Kamati ya maafa ya kata yetu ilikutana lini mara ya mwisho bila kuwapo tukio? Daftari la wakazi la kijiji limehakikiwa lini? Nani, kwa jina, anapiga mbiu usiku, na watu wakimbilie jengo gani? Ni shilingi ngapi za mapato ya ndani zimetengwa kwa ajili ya mafuta ya kijiko, mafunzo ya vijana na mitaro, na zilitoka kweli? Mratibu alikuwapo kikaoni siku ramani ya viwanja vipya ilipopitishwa?

Namba ya bure ya zimamoto, 114, ni vema kila mtu akaijua. Lakini maswali haya yaulizwe kabla ya siku ya kuipiga, tena yaulizwe kwenye mkutano wa hadhara, ambako majibu yanaandikwa kwenye muhtasari. Diwani atakayerudi na majibu yote anastahili kusikilizwa wakati wa kura. Atakayesema hamjui mratibu wa maafa wa halmashauri yake, naye atakuwa amejibu.